Injini ya roketi ya kati: baruti nyeusi, kompositi ya kutupa, au ganda la kujaza upya?

Mtu akishazoea viroketi vidogo vya injini za A, B na C, jicho huanza kupanda rafu ya juu dukani: Leviathan ya Estes, Initiator ya AeroTech, Graduator ya LOC Precision. Wengi hununua kwa umbo na rangi, na swali la injini huja baadaye, gundi ikiwa imeshakauka. Ushauri wangu ni kuanzia kwenye injini. Hiyo ndiyo inayoamua uwanja uwe mkubwa kiasi gani, roketi iwe na uzito gani, utaiwasha kwa betri ipi, na kila ukirusha utatoa pesa ngapi.

Nitalinganisha aina tatu zinazouzwa kwa roketi za daraja la kati, yaani E, F na G: baruti nyeusi, kompositi (fueli ya chembe zilizofungwa ndani ya mpira) ya kutupa baada ya mrusho mmoja, na kompositi ya ganda la kujaza upya. Nazungumzia Marekani, kwa sababu huko ndiko mchezo huu ulikopata sura yake. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, alibuni injini ndogo ya karatasi ambayo mnunuzi anaipata ikiwa imeshajazwa. Miaka mitatu baadaye G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, aliandika juu ya vijana waliokuwa wakijiumiza kwa kupika fueli majumbani, na mwaka huohuo wa 1957 NAR, chama cha warusha viroketi wa Marekani, kikaanzishwa. Kanuni iliyotokana na hapo bado inasimama: mrushaji hujenga roketi, lakini fueli hutoka kiwandani. Aina zote tatu ninazolinganisha ni za kiwandani. Ya kupika jikoni sitaigusa.

Kusoma maandishi ya injini

Chukua injini iliyoandikwa F39-6T. Herufi F ni daraja la jumla ya msukumo, nalo hukua maradufu kwa kila herufi: E ni kuanzia nyutoni-sekunde 20 hadi 40, F ni 40 hadi 80, G ni 80 hadi 160. Namba 39 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Namba 6 ni sekunde za kusubiri baada ya fueli kwisha kabla ya chaji ndogo kulipuka na kuitoa parachuti. Herufi ya mwisho ni aina ya fueli ya mtengenezaji. Kwa AeroTech, T hutoa mwali wa buluu bila moshi mwingi na husukuma kwa haraka, W hutoa moshi mweupe mzito, J moshi mweusi na msukumo wa polepole.

Watu wengi hutazama herufi ya kwanza tu. Namba inayofuata ina uzito zaidi kwa usalama. Roketi inapoachana na fimbo ya kuongozea lazima iwe na mwendo wa kutosha ili mapezi yashike hewa, na kanuni inayotumika viwanjani ni msukumo usiopungua mara tano ya uzito wa roketi ikiwa na injini ndani. Roketi ya gramu 900 ina uzito wa karibu nyutoni 8.8, kwa hiyo inataka injini ya nyutoni 44 hivi. F52 itaipandisha vizuri. F15 ya herufi ileile itaiburuta angani ikiyumba, upepo uielekeze unakotaka, na hapo walio chini ndio wanaobeba hatari.

Sasa tazama injini hizi tatu. Tarakimu nimezikadiria kwa karibu.

| | Estes D12 | AeroTech F39 | Estes F15 |
|---|---|---|---|
| Fueli | baruti nyeusi | kompositi, ya kujaza upya | baruti nyeusi |
| Kipenyo kwa urefu | mm 24 × 70 | mm 24 × 70 | mm 29 × 114 |
| Uzito wa fueli | gramu 21 | gramu 23 | gramu 60 |
| Jumla ya msukumo | 17 Ns | 50 Ns | 50 Ns |

D12 na F39 zinaingia kwenye bomba lilelile, na uzito wa fueli karibu unalingana, lakini F39 inatoa msukumo karibu mara tatu. F15 inafikia jumla hiyohiyo kwa kubeba fueli zaidi ya maradufu, na gramu hizo zote zinakaa mkiani, mahali pabaya pa kuongeza uzito. Karibu kila tofauti nitakayoitaja mbele inaanzia hapa.

Baruti nyeusi

Katika daraja la kati utazikuta hasa E12 ya kipenyo cha mm 24, pamoja na E16 na F15 za mm 29, zote za Estes. Ndani kuna baruti iliyoshindiliwa kwenye ganda la karatasi nene, na nozeli (tundu la kutolea gesi) ya udongo nyuma. Inawaka kuanzia nyuma kwenda mbele, ikifika mwisho inawasha kisubirishi, kinachohesabu zile sekunde za kusubiri, kisha chaji ya parachuti. Hakuna cha kuunganisha. Unaitoa kwenye pakiti, unaitumbukiza, unaweka kiwashio, basi.

Uwezo wake mkubwa ni kuwaka kwa urahisi. Kiwashio kinagusa baruti mlangoni mwa nozeli na moto unashika papo hapo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kufunga injini mbili au tatu ziwake kwa pamoja hana chaguo bora kuliko hili, na anayetaka roketi ya hatua mbili bila vifaa vya elektroniki hana jingine kabisa: kuna E12-0 na F15-0 zisizo na kisubirishi, ambazo zikiisha moto hupenya mbele na kuwasha injini ya juu. Kompositi haifanyi hivyo.

Udhaifu wake ni joto. Injini ya baruti iliyosahaulika kwenye buti la gari wakati wa kiangazi hutanuka, usiku ikapoa ikasinyaa, na baina ya baruti na karatasi pakabaki mwanya usioonekana kwa macho. Ukiiwasha, moto unapita kwenye mwanya huo, baruti nyingi inashika kwa mkupuo, na ganda linapasuka jukwaani au mita chache juu yake. Kadiri injini ya baruti inavyokuwa ndefu ndivyo hatari hii inavyoongezeka, kwa hiyo E na F zinahitaji uangalifu ambao C haikuwahi kukudai. Kuangushwa sakafuni kunaweza kuleta ufa uleule. Zihifadhi ndani ya nyumba, penye hewa isiyobadilikabadilika, na siku ya kurusha zibebe kwenye kisanduku cha baridi kisicho na barafu. Usinunue za mtu ambaye hujui alizihifadhi wapi.

Jambo la pili ni uzito. F15 inasukuma kwa wastani wa nyutoni 15 hivi, ingawa mwanzoni hufika kilele cha karibu 25. Kilele hicho kinaweza kuinua roketi ya gramu 500 siku tulivu, na hapo ndipo mpaka wake. Yafaa roketi pana na nyepesi, za mapezi ya balsa (mbao nyepesi), zinazopanda taratibu kiasi kwamba mtoto anazifuata kwa macho hadi juu. Mrusho wa namna hiyo una uzuri wake, na kwa familia inayokuja uwanjani kutazama nausifu bila kusita.

Kompositi ya kutumia mara moja

Fueli hii ni chembe za perikloreti ya amonia na unga wa aluminiamu zilizofungwa ndani ya mpira mgumu. Ukiigusa inanyumbuka kidogo, na mnyumbuko huo ndio unaoifanya ivumilie joto la gari kuliko baruti. Ganda lake ni la plastiki ngumu au mfano wake, na baada ya mrusho unalitupa. Zinazopatikana sana ni F20, F27, F42 na G40, zote za AeroTech na zote za mm 29.

Hapa uteuzi unapanuka. Kwa roketi ileile unaweza kuchukua F20 kwa mrusho wa polepole siku isiyo na upepo, au F42 siku yenye upepo, kwa jumla ya msukumo inayokaribiana. Baruti nyeusi haikupi nafasi hiyo.

Kuwasha, kwa upande mwingine, kunahitaji mkono uliofundishwa. Kompositi ina tundu linalopita katikati ya fueli, na kiwashio lazima kisukumwe hadi kigote mwisho wa mbele, kisha kishikiliwe hapo kwa kifuniko cha plastiki au utepe. Kikisimama katikati, injini inakohoa moshi, inatema kiwashio na kuzima. Viwashio vyake pia vinataka umeme wa volti 12. Kile kidude cha betri nne ndogo kilichokuja na roketi ya kwanza ya mtoto hakitoshi. Betri ya pikipiki inatosha, na kwenye viwanja vya klabu mfumo wa volti 12 huwa umeshafungwa, unaunganisha tu waya zako. Roketi ikikataa kuwaka, kanuni ya NAR ni kuondoa ufunguo wa usalama, au kutenganisha betri, na kusubiri sekunde 60 kabla mtu yeyote hajaisogelea. Kwa kompositi sekunde hizo zina maana, kwa kuwa huwa inachelewa kushika kisha ikaondoka ghafla.

Gharama ya kila injini ni kubwa kuliko ya baruti. Kinachouma zaidi ni usafirishaji: baadhi ya injini hizi hutozwa ada ya mizigo hatari, na ukiagiza moja tu ada inaweza kupita bei ya injini yenyewe. Agizeni pamoja wanaklabu kadhaa, au nunua uwanjani kwa muuzaji anayekuja na gari lake siku ya kurusha.

Ganda la kujaza upya

Fueli ni ileile ya kompositi, ila ganda ni la aluminiamu nawe unabaki nalo kwa miaka. Kwa daraja la kati, maganda mawili ya AeroTech yanatosha karibu kila mtu: 24/40 kwa bomba la mm 24, ambalo hupokea E18, E28, F24 na hiyo F39, na 29/40-120 kwa bomba la mm 29, ambalo hupokea F40, F52 na G64 miongoni mwa nyingine. Ganda moja, tabia nyingi.

Kila mrusho unaunganisha injini mwenyewe. Kuna bomba la ndani la kukinga joto, vipande vya fueli, nozeli, kisubirishi, pete za mpira za kuzuia gesi, vifuniko viwili vya kukaza kwa nyuzi za skrubu, na kijichupa cha baruti unachomimina mbele na kukifunika kwa karatasi. Pete za mpira lazima zipakwe grisi na zikae mahali pake hasa. Pete ikisahaulika, gesi ya moto inapenya pembeni na kulitoboa ganda, na siku hiyo unapoteza ganda na huenda roketi pia. Maelekezo ya karatasi yafuateni mstari kwa mstari, hata kama ulishafanya kazi hii mara nyingi. Fanya mezani, siyo juu ya boneti ya gari huku watu wanakusemesha.

Baada ya roketi kutua, subiri ganda lipoe, lifungue na ulioshe kwa maji na sabuni kabla masizi hayajakauka. Ukilipeleka nyumbani chafu na kulikumbuka wiki ijayo, vifuniko vitakataa kufunguka.

Faida mojawapo isiyosemwa sana ni kisubirishi. Unaweza kukitoboa kidogo kwa kifaa maalumu na kupunguza sekunde za kusubiri ziendane na roketi yako. Hilo si jambo dogo. Parachuti ikitoka mapema au kwa kuchelewa, roketi ikiwa bado mbioni, kamba hupasua bomba la kadibodi kwa urefu. Programu ya bure ya OpenRocket, iliyoanza kama kazi ya shahada ya Sampo Niskanen huko Helsinki, itakukadiria sekunde zinazofaa ukiipa vipimo na uzito halisi. Pima roketi ikiwa imeshapakwa rangi. Rangi na gundi huongeza gramu nyingi kuliko mjenzi anavyotarajia.

Je, ni nafuu? Kwa 24/40, ndiyo, kwa anayerusha mara kwa mara. Mijazo, yaani fueli ya kujaza ganda, ya E na F ndogo ni rahisi kuliko kununua za kutupa, na ganda hurudisha bei yake msimu wa kwanza au wa pili. Katika daraja la G tofauti hupungua sana, na anayerusha G mara mbili kwa mwaka hana sababu ya kulinunua ganda kwa ajili ya kuokoa pesa. Kumbuka pia kwamba roketi ikinasa juu ya mti, ganda limenasa nayo.

Mijazo na injini za G huuzwa kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kijana wa miaka 15 anaweza kujenga roketi na kuirusha, lakini injini hiyo inunuliwe na kuunganishwa na mtu mzima.

Uwanja

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Kanuni za NAR zinataka uwanja wenye upande wa futi 400, yaani mita 122, kwa injini ya C, na futi 1,000, yaani mita 305, kwa E, F na G. Uwanja wa kawaida wa mpira una urefu wa mita 105 hivi. Kwa hiyo uwanja wa shule haufai kwa roketi yoyote ya daraja la kati niliyoitaja humu, hata iwe ya baruti na inapanda taratibu. Unahitaji shamba lililovunwa au uwanja wa klabu, na watazamaji wasimame futi 30 kutoka jukwaani. Upepo ukizidi maili 20 kwa saa, rudisha vitu garini.

Kama uwanja wako unatimiza kipimo kwa shida, punguza kimo kwa kuchagua mwili mpana badala ya kutafuta injini dhaifu. Roketi ya inchi 4 kwa injini ya F inaondoka kwa nguvu, inagongwa na hewa, na kusimama chini chini. Nyembamba ya inchi 1.9 kwa injini hiyohiyo inapotea machoni. Kuna pia kifaa cha Jolly Logic kinachoibana parachuti kwa mpira hadi roketi ishuke kwenye kimo ulichopanga. Kwenye shamba dogo, hicho ningekinunua kabla ya roketi ya pili.

Nyasi kavu zinahitaji neno lake. Zipo kompositi zenye chembe za titaniamu zinazotoa cheche nyingi za kupendeza, na viwanja vingi huzikataa wakati wa ukame. Zikatae nawe hata kama hakuna anayekukataza.

Kisheria, kwa mamlaka ya anga ya Marekani, roketi isiyozidi gramu 1,500 na fueli isiyozidi gramu 125, iliyojengwa kwa karatasi, mbao au plastiki inayovunjika bila vipande vikubwa vya chuma, haihitaji kibali, mradi isihatarishe watu, mali au ndege. Ukifika H unaingia roketi za nguvu kubwa, ambazo mrushaji lazima awe na cheti. Uanachama wa NAR unakuja na bima ya dhima, na kwa wenye mashamba wengi bima hiyo ndiyo inayofungua geti.

Mwili unaolingana na injini

Kwa ufupi: baruti nyeusi inataka balsa na gundi ya mbao. Kompositi ya F kwenda juu inataka mapezi ya plaiwudi yanayopenya ukuta wa bomba na kushikana na bomba la injini ndani, kwa epoksi. LOC hujenga hivyo, na bomba lake la kadibodi ni nene. Initiator ina mapezi ya plastiki yanayobanwa mahali pake, kwa hiyo huhitaji kuyapima na kuyanyoosha, na hilo linamfaa anayeanza. Fimbo ya mm 3 ya viroketi vidogo iache nyumbani. Tumia fimbo nene ya robo inchi au reli.

Jambo moja usilikwepe ni kishikio cha injini cha kukaza kwa nyuzi za skrubu. Bila hicho, chaji inayopaswa kutoa parachuti mbele inaweza kuisukuma injini itoke nyuma. Ganda lako linaanguka mashambani, na roketi inashuka kama jiwe.

Ningechagua ipi

Kwa roketi ya kwanza ya kati, ningejenga yenye bomba la mm 29, ya gramu 500 hadi 600 ikiwa tayari kuruka, na kuirusha kwa F42 ya kutupa. Gramu 600 zinataka nyutoni 29, kwa hiyo una akiba ya kutosha. Utajifunza kuwasha kompositi bila kubeba pia mzigo wa kuunganisha injini.

Ukiona kwamba kila mwezi unarudi uwanjani, nunua ganda la 29/40-120, au 24/40 pamoja na kipunguzio cha mm 24 kuingia 29. Kwa pesa kidogo, 24/40 inashinda.

Baruti nyeusi ningeichagua kwa roketi nyepesi ya kuonyesha watoto, kwa kufunga injini kadhaa, na kwa hatua mbili. Kwa roketi inayozidi nusu kilo, sitaiweka.

Na kwa anayefikiria kupeleka mchezo huu Nairobi au Dar es Salaam: mwili wa roketi bila injini unaweza kusafiri nawe. Injini na mijazo haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si mkononi, si kwenye begi la chini, na nchi zote mbili zina sheria ya vilipuzi inayodai kibali. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, kina mradi wa Nakuja ambapo wanafunzi wameunda na kurusha roketi zao wenyewe, wakiwa na wasimamizi na karakana. Kijana aliye Kenya aanzie kwenye mlango wa aina hiyo kabla ya kutafuta fueli yoyote.